Siku nane kuufuata muhuri milimani Usambara

Nimerudi Dar wiki tatu sasa na viatu bado vina udongo mwekundu. Haya nimeyaokoteza kwenye daftari dogo, picha za simu na risiti zilizojikunja mfukoni, kwa hiyo bei ni za siku zile na saa ni zile nilizokumbuka kuandika.

Sababu ya safari ni shamba. Bibi alifariki akaacha ekari moja na robo kwenye mgongo wa mlima upande wa Mtae, Wilaya ya Lushoto. Anayelilima, na amelilima tangu mimi sijazaliwa, ni shangazi. Mwaka jana ukoo ulikaa ukakubaliana liandikwe kwa jina lake. Shangazi akasema kikao cha ukoo ni maneno, yeye anataka karatasi. Karatasi yenyewe ni hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mimi nikatumwa kwa sababu, eti, nimesoma. Jina la kijiji silitaji. Jirani yetu wa mpakani naye ana simu na bando.

Jumapili 6 Julai. Dar hadi Lushoto

Stendi ya Magufuli, Mbezi, saa 11:30 alfajiri. Nauli 22,000. Chalinze, Segera na Korogwe nimezipita usingizini.

Tiketi ilisema Lushoto, basi likaishia Mombo. Kondakta alinirudishia 2,000 bila kunitazama usoni, akaanza kushusha mizigo. Mombo joto lilikuwa la kukausha koo, na mlima umesimama pale pale nyuma ya maduka kama ukuta. Nikapanda Noah kwa 4,000. Tulikuwa abiria kumi na mmoja, na jogoo.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilometa 33 hivi za lami nyembamba, na ndani ya hizo unapanda karibu mita elfu moja. Kulia mwamba, kushoto korongo lenye mto na migomba, halafu kona inageuza, korongo linakuwa kulia. Kona ya nne nikaanza kumeza mate. Mama aliyekaa nyuma yangu hakuuliza kitu. Alitoa ndimu kwenye kikapu, akaikata kwa meno, akanipitishia juu ya kiti. "Nusa, usile." Nilinusa hadi Soni. Aliposhuka sikuwa hata nimemuuliza jina.

Pale Soni gari lilisimama kupakia karoti, na mzee aliyekuwa dirishani akanionyesha kwa kidole migongo ya milima: Vuga iko huko. Ndiko walikotawala Wakilindi, ukoo wa kifalme wa Wasambaa. Kimweri ye Nyumbai alikaa Vuga hadi alipofariki mwaka 1862, na amri yake ilifika hadi pwani. Mmisionari Krapf alipotaka ruhusa ya kufanya kazi huku, mwaka 1848, ilimbidi apande hadi Vuga kuiomba. Mzee akacheka: "Serikali siku zote iko mlima mwingine." Niliona ni utani tu. Kufikia Alhamisi nilikuwa nimeuelewa.

Lushoto niliteremka nikitetemeka. Baba mdogo alinisubiri na koti lake la ziada mkononi, bila shaka alijua nitakuja na blauzi ya Dar. Mwezi wa saba huku ni baridi ya kweli: sweta, soksi, na kitu cha kichwani usiku. Usidanganywe na Mombo.

Jumatatu 7 Julai. Saba Saba

Ndiyo, nilisafiri kilometa zote hizo kwenda ofisini siku ya Saba Saba. Baba mdogo alikuwa anajua. Alisema hakutaka kunikatisha tamaa kwenye simu.

Basi tukatembea hadi Irente, kilometa sita hivi kutoka mjini. Njia inapita katikati ya mashamba, watoto wanasalimia, na mahali fulani tuliuziwa mahindi ya kuchoma mawili kwa 1,000. Mapeasi hayakuwa msimu wake. Ukifika ukingoni ardhi inakatika. Chini kabisa unaiona Mombo, mashamba ya mkonge, barabara kuu kama uzi, na magari ambayo huyasikii. Wasambaa wana maneno mawili kwa picha hiyo: Shambaai ni huku juu kwenye ubaridi na migomba, nyika ni kule chini kwenye joto. Baba mdogo aliyatamka kama mtu anayetaja vyumba viwili vya nyumba yake.

Kitu nilichokuwa sikijui: wilaya haiishii mlimani. Upande wa kaskazini inateremka hadi nyika ya Umba, kwenye kata kama Mnazi na Lunguza, huko kwenye joto na mpunga. Mtu wa Mnazi mwenye shida ya wilaya lazima apande mlima mzima kuja Lushoto. Wajerumani ndio waliouweka utawala wao hapa, mji ukaitwa Wilhelmstal, na walipenda hewa yake. Wao waliondoka zamani. Ofisi zikabaki kwenye hewa nzuri.

Jumanne 8 Julai. Lushoto

Saa mbili kasorobo nilikuwa mlangoni. Ofisi ya kwanza niliyoelekezwa nilisubiri saa tatu, mhusika yuko kikaoni. Benchi lilikuwa na watu saba. Baba mmoja alikuwa ametoka upande wa Bumbuli usiku, akaambiwa amekosea halmashauri. Hili liandike kabla hujatoka nyumbani: Wilaya ya Lushoto ni moja na mkuu wa wilaya ni mmoja, lakini halmashauri ni mbili, Lushoto na Bumbuli, na majimbo ya ubunge ni matatu, maana kuna na Mlalo. Mambo ya ardhi, shule na zahanati ni ya halmashauri. Ukiuliza tu "wilayani ni wapi?" utaonyeshwa Lushoto mjini hata kama faili lako haliko huko. Yule baba alikunja karatasi zake taratibu, akazirudisha kwenye mfuko wa rambo, akauliza stendi iko upande gani.

Mlango wa pili nilimkuta binti wa ardhi, mdogo kuliko mimi, aliyesoma karatasi zangu zote kwa dakika nne. "Dada, mmeanza juu. Hii inaanza chini." Akaeleza: maombi yanajazwa kwenye fomu namba 18, yanapelekwa kwa halmashauri ya kijiji. Kijiji ndicho kinachosimamia ardhi yake. Wao ndio wanaokagua mipaka na majirani, wao ndio wanaoamua, na sheria inawapa siku 90. Wilaya inakuja mwisho, kwa saini na kusajili. Na je, kijiji chetu kina cheti cha ardhi ya kijiji? Akafungua daftari kubwa, akapitisha kidole, akatabasamu. Kinacho.

Nikatoka nje nacheka peke yangu. Kwenye ngazi za serikali kijiji kiko chini kabisa. Kwa miguu, kiko juu na mbali, saa nne nyingine za basi.

Jumatano 9 Julai. Lushoto hadi Mtae

Basi la Mtae, 10,000, lilikuwa liondoke saa saba mchana. Liliondoka saa tisa kasorobo, baada ya kujaza mbolea, magodoro na mlango wa chuma uliofungwa juu ya paa.

Msitu wa Magamba ulikuwa ndani ya ukungu. Dereva aliwasha taa mchana. Kijana wa mbele akapiga kelele "mbega!" na nilichowahi kuona ni mkia mweupe ukipotea kwenye tawi. Lukozi tulisimama dakika arobaini kati ya vilima vya kabeji. Fuso zinapakiwa hapo kwenda Dar, na kabeji ninayonunua Buguruni kumbe inaanza safari kwa kurushwa hewani na vijana wawili wanaohesabu kwa kuimba. Nilikula viazi vya kukaanga na chai ya tangawizi kwa 1,500.

Baada ya hapo lami haipo. Vumbi, kona, shimo. Tuliingia Mtae saa mbili usiku, giza, upepo unapiga mabati. Nyumba ya wageni 15,000, ndoo ya maji moto 1,000 zaidi, na hiyo elfu moja ndiyo niliyoitumia vizuri kuliko zote safari nzima.

Kwa atakayekuja: toa pesa taslimu Lushoto mjini. Mawakala wa pesa za simu wapo Mtae, lakini jioni ya kwanza wawili wote niliowafuata waliniambia pesa imeisha. Na piga kopi za kila kitu huko huko mjini. Utaona kwa nini.

Alhamisi 10 Julai. Kijijini

Asubuhi nikafungua mlango nikajikuta pembeni mwa dunia. Mtae imekaa kwenye ulimi mwembamba wa mlima, na pande tatu ni shimo. Chini ni tambarare za Mkomazi, ng'ambo ni milima ya Upare, na mama wa chai alisema siku ikitakata Kilimanjaro inaonekana. Haikutakata. Nyuma yetu ni Shagayu, inayopita mita 2,200, kichwa ndani ya wingu.

Kijijini ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Shangazi alinipokea nusu ya njia, shikamoo yangu ikakatwa katikati na kikohozi na upepo. "Marahaba mwanangu. Umekonda. Dar hawali?"

Ofisi ya kijiji ni chumba kimoja chenye bendera na mbao ya matangazo. Mlango umefungwa. Mtendaji wa kijiji ameitwa kata. Mwenyekiti yupo, lakini nyumbani kwake, na shangazi akanyoosha mkono: nyumba yenye bati la bluu, ng'ambo ya bonde. Niliiona wazi hadi kuku uani. Ilituchukua dakika 55 kufika. Unateremka hadi mtoni, unavuka kwenye magogo mawili, unapanda. Kwenye ramani ya simu ilisema mita 600.

Hapo ndipo yule mzee wa Soni aliponirudia kichwani. Huku kijiji kinatawaliwa kwa magoti. Vitongoji vyetu vitano vimekaa kwenye migongo mitatu, na halmashauri ya kijiji, ambayo kisheria ina wajumbe 15 hadi 25, ikiitishwa saa nne inaanza saa saba kwa sababu kila mtu ana bonde lake la kuvuka. Mtandao nao haupo mabondeni. Kuna jiwe, kubwa kama jiko la mkaa la mama lishe, ambapo ukisimama simu inashika. Mtendaji na mwenyekiti wanaongea kupitia jiwe hilo, mmoja akimtuma mtoto kumwita mwenzake wa upande wa pili.

Mwenyekiti alikuwa anachambua maharage. Alichaguliwa Novemba 2024, kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, na nilipouliza kwa upole kama kazi hii ina mshahara alicheka hadi akashika ubavu. Mtendaji ndiye mwajiriwa wa halmashauri. Mwenyekiti ana heshima, lawama, na maharage. Alisoma muhtasari wa kikao cha ukoo mara mbili, akamtazama shangazi. "Dada, kwa jina lako mwenyewe?" Shangazi akajibu kabla sijafungua mdomo na kifungu changu cha sheria: "Jembe ni la nani?" Mwenyekiti akasema kesho baada ya swala ya Ijumaa, mpakani, majirani wote wawepo.

Alitulazimisha kula. Makande yenye nazi kidogo, chai ya rangi. Tulirudi gizani tukimulikia njia kwa simu, na kijana wa mwenyekiti alitusindikiza hadi magogoni, akasubiri tuvuke, ndipo akageuka.

Ijumaa 11 Julai. Mpakani

Walikuja tisa: mwenyekiti, mwenyekiti wa kitongoji, wajumbe watano, mtendaji aliyerudi kutoka kata, na jirani yetu.

Jirani alianza kwa sauti ya juu. Mpaka ni kijito, baba yake alimwambia hivyo. Tatizo, kijito kimehama. Miaka ya nyuma mvua za masika ziliporomosha ubavu wa juu, maji yakapata njia mpya, na njia hiyo mpya inakula upande wetu hatua kumi na mbili. Nilizihesabu.

Shangazi hakubishana. Aliingia kwenye majani ya guatemala, akayafunua kwa mikono miwili. Ndani yake kulikuwa na isale, mmea unaopandwa kuweka mpaka, refu kuliko yeye, shina limepinda, na kovu la panga lililokwisha kufunga gome. Akapiga hatua, akafunua tena. La pili. La tatu. Mstari ulionyooka kuliko kijito chochote, unapanda hadi kwenye ukingo wa tuta la zamani. "Baba alipanda haya siku walipolazimishwa kulima matuta," alisema. "Kovu hili ni siku nilipozaliwa mimi."

Matuta hayo yana habari yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walileta mpango wa kuzuia mmomonyoko Usambara, wakaanzia bonde la Mlalo mwaka 1946. Kila mkulima alitakiwa achimbe matuta, asiyechimba akapigwa faini kupitia machifu. Watu walichukia, kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo na chakula hakikuongezeka, na hasira hiyo ikawapeleka wengi TANU. Machifu walivuliwa madaraka mwaka 1963. Majani ya guatemala yalikuja kusambazwa baadaye sana, na SECAP, mradi wa kuzuia mmomonyoko, miaka ya 80 na 90, na hayo watu waliyapokea maana ng'ombe wanayala. Kwa hiyo kwenye ubavu mmoja wa mlima nilikuwa nimesimama juu ya serikali tatu: tuta la mkoloni, majani ya mradi, na wajumbe wa kijiji wamechuchumaa wakigusa isale.

Mzee mmoja kati ya wajumbe alisema jambo kwa Kisambaa nililoomba nitafsiriwe. *Kuzifya shi*, kuitengeneza nchi, kuiponya. Zamani ndiyo iliyokuwa kazi ya mfalme: mvua inyeshe, watu washibe. Alisema siku hizi kazi hiyo wamegawana watu 20 na posho hakuna.

Jirani akasema atakwenda baraza la ardhi la kijiji. Ana haki hiyo, baraza lina watu saba na watatu lazima wawe wanawake, kazi yake kusuluhisha. Mwenyekiti akamwambia mmoja wa hao watatu ni huyu hapa, akamnyooshea kidole mjumbe wa mbele, mama aliyekuwa amekwisha kung'oa magugu kwenye isale la tatu ili lionekane vizuri. Jirani akatazama mstari, akatazama kijito. Akaomba apewe maji ya kunywa. Shangazi akaenda kumletea, na kikombe alichotumia kilikuwa kile cha wageni.

Jumamosi 12 Julai. Muhuri

Mtendaji, kijana wa Singida anayevaa makoti mawili, alijaza rejista yake kwa mwandiko mzuri. Akataka kopi mbili za kila karatasi. Kopi ziko Mtae. Bodaboda kwenda na kurudi 7,000, na kopi zenyewe, kurasa kumi na mbili kwa 200, zikanigharimu 2,400 na saa mbili za kusubiri umeme urudi.

Niliporudi mwenyekiti alikuwa ameshavuka bonde, muhuri uko mfuko wa ndani wa koti, umefungwa kwenye karatasi ya mkate. Pedi ya wino imekauka. Akatemea mate kidogo, ikakataa. Akaushika muhuri karibu na mdomo, akaupulizia pumzi ya moto mara tatu, taratibu, kama mtu anayeamsha kaa, akaukandamiza kwenye karatasi kwa uzito wa mwili mzima. Ukatoka. Herufi mbili za mwisho za jina la kijiji hazikuonekana, na mwaka ulisoma 2024. Akakata kwa kalamu, akaandika 2025, akaweka saini juu yake. Mtendaji akasema inakubalika.

Maombi yamepokelewa. Tangazo litabandikwa, halmashauri itakaa, kama kuna pingamizi litasikilizwa. Hati yenyewe bado. Usije huku ukitegemea kuondoka na hati, utaondoka na nakala iliyogongwa muhuri, na hiyo ndiyo unayoitafuta. Na usije siku ya gulio, hutampata kiongozi yeyote.

Jumapili 13 Julai. Kurudi

Basi la Mtae huondoka saa kumi alfajiri. Shangazi alinisindikiza usiku, mfuko wa viazi kichwani, hakukubali nimpokee. Lushoto saa mbili na nusu, Dar saa kumi na moja jioni. Nauli zote, malazi, bodaboda na kopi vilinitoka 91,400, bila chakula wala zawadi.

Juzi simu ililia, namba ya shangazi, upepo mtupu. Alikuwa jiweni. Tangazo limebandikwa kwenye mbao ya ofisi, alisema, mbuzi wamekula kona ya chini, lakini jina lake linasomeka lote.